Jiwe Nalo Lina Nasaba

Mwanaisimu akutanapo na neno hatosheki na kujua maana yake. Huuliza pia lilikotoka. Meza tuliipata kwa Wareno, shule kwa Wajerumani, na ingawa maneno hayo yamekuwa ya Kiswahili halisi, sauti zake zingali zatoboa siri ya asili yake. Wanajiolojia nao hukabiliwa na swali lilo hilo wachunguzapo miamba ya mashapo yenye lithiamu, metali itumiwayo katika betri za simu na za magari ya umeme. Ilifikaje humo?

Lithiamu iligunduliwa mwaka 1817 na Mswidi Johan August Arfwedson, na jina lake latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya jiwe. Ina isotopu mbili thabiti. Zote zina protoni tatu, ila moja ina nyutroni tatu na ya pili nne. Ndipo zikaitwa lithiamu-6 na lithiamu-7. Katika kila atomu 100, takriban 92 ni za aina nzito.

Maji ya mvua yanapoumega mwamba, udongo wa mfinyanzi unaozaliwa hupendelea kuishika lithiamu-6, nayo maji huenda zake na lithiamu-7 kwa wingi zaidi. Ndiyo sababu uwiano wa lithiamu-7 kwa lithiamu-6 katika maji ya bahari huuzidi ule wa miamba ya bara kwa takriban sehemu 30 katika kila 1,000. Joto likipanda, upendeleo huo hupungua. Uwiano basi ni mithili ya lafudhi: humfichua mgeni hata akivaa mavazi ya wenyeji.

Tutazame McDermitt, mpakani mwa majimbo ya Nevada na Oregon, nchini Marekani. Yapata miaka milioni 16 iliyopita volkeno kubwa ililipuka huko, ardhi ikadidimia, pakawa ziwa. Mashapo ya ziwa hilo yana lithiamu nyingi mno. Wako wasemao kwamba maji ya ziwa yaliitoa katika majivu ya volkeno; wengine hushikilia kwamba maji moto yaliyopanda baadaye kupitia nyufa ndiyo yaliyoiongeza. Kupima wingi pekee hakuwezi kuukata ubishi huo. Isotopu zaweza kusaidia, kwani udongo uliozaliwa katika ubaridi hutofautiana na maji yake zaidi kuliko ule uliozaliwa katika joto.

Wala huu si ubishi wa kupitisha wakati. Ikiwa chanzo ni ziwa, madini yametapakaa katika tabaka pana. Ikiwa ni maji moto, yatazamiwa kukithiri karibu na nyufa. Mchimbaji asiyejua asili yaweza kuwa ataiharibu ardhi bure.

Hata hivyo, tahadhari yahitajika. Njia mbili mbalimbali zaweza kuishia kwenye uwiano mmoja, kama vile maneno ya lugha mbili yawezavyo kufanana kwa sadfa tu. Kwa hiyo mtaalamu hupima pia umri wa tabaka na aina ya madini yaliyomo, kabla ya kutoa hukumu.

Ndugu walimu, aghalabu mwanafunzi wetu hukariri kwamba isotopu ni atomu zenye protoni sawa na nyutroni tofauti, akafaulu mtihani, asijue kamwe faida ya maarifa hayo. Mwanzishieni somo kwa swali la asili. Mwelezeni hata jina lenyewe: isotopu ni neno la Kigiriki lililobuniwa mwaka 1913, maana yake mahali pamoja, kwa kuwa atomu hizo hukaa chumba kimoja katika jedwali la elementi. Kiswahili chaweza kuyabeba haya yote bila kuelemewa.

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Mwanafunzi asiyefunzwa kuiuliza asili atabaki mtumwa wa kukariri.