Chembe Nyeupe Hushukaje Penye Kidonda?

Ukichomwa na mwiba, mguu huvimba. Baada ya siku chache unaona usaha. Ndani ya usaha huo zimo chembe nyeupe za damu. Zimekufa zikipigana na vijidudu.

Chembe hizo hazina macho. Damu nayo huenda mbio kama mto. Je, zilishukaje pale pale penye mwiba?

Karibu na kidonda, ukuta wa ndani wa mshipa hutoa vishikio vidogo sana. Vishikio hivyo hukamata chembe inayopita, kama kishonanguo kinavyokamata nguo yako. Damu huisukuma chembe. Kishikio cha nyuma huachia, cha mbele hukamata. Basi chembe hubingirika polepole ukutani. Mwishowe vishikio vya chembe yenyewe, vyenye nguvu zaidi, huisimamisha. Kisha hupenya ukuta na kutoka nje ya mshipa.

Wataalamu waliona chembe zikibingirika tangu miaka ya 1800, kwa darubini. Lakini vishikio huachia upesi kuliko kupepesa jicho. Utavihesabuje? Mwaka 1992 Daniel Hammer na mwenzake, huko Marekani, walitumia kompyuta. Waliipa mwendo wa damu, ukubwa wa chembe na nguvu za vishikio. Kompyuta ikapiga hesabu ya kila kishikio, hatua kwa hatua. Vishikio vikiwa na nguvu mno, chembe husimama. Vikiwa dhaifu, huchukuliwa na damu.

Wapo watoto wachache wanaozaliwa bila vile vishikio vya chembe. Damu yao imejaa chembe nyeupe, lakini zinapita tu. Vidonda vyao havitoi usaha, wala haviponi vizuri.