Mto Semliki Unapokula Kingo Zake

Mto Semliki watoka katika Ziwa Edward, lililo kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari, ukapita magharibi ya milima ya Ruwenzori hadi Ziwa Albert, lililo kiasi cha mita 620. Katika sehemu yake ya chini, mto huo ndio mpaka wa Uganda na Kongo, kwa mujibu wa mapatano ya Waingereza na Wabelgiji ya mwaka 1915.

Mto uchimbapo ardhi na kushuka, sakafu yake ya kale hubaki juu pembeni mfano wa ngazi. Changarawe na mchanga wa ngazi hizo huhifadhi habari za kale. Huko Ishango, upande wa Kongo, mwaka 1950 mtaalamu wa Kibelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa wenye alama zilizochanjwa kwa safu, ambao umri wake wakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi.

Ufikapo uwandani, mto hupunguza mwendo na kujipinda kama nyoka. Maji hula ukingo wa nje wa kila pindo na kutua mchanga ukingo wa ndani. Hiyo ndiyo tabia yake. Lakini mizizi ya nyasi na matete hushika udongo. Ng'ombe wakizidi, majani yakaisha na kwato zikavunja ukingo, ardhi humomonyoka upesi. Hapo mfugaji huona malisho yake yakisogea ng'ambo, katika nchi nyingine, naye askari wa doria hutatizika kujua mpaka u wapi.

Maji nayo hayasahau uwanda wake. Mwaka 2020, Ziwa Albert lilipofurika, jamaa nyingi za Ntoroko zilihama makwao.

Hapana budi basi kila jamaa ishike haya: nyumba ijengwe juu ya ngazi ya juu, si uwandani, ng'ombe wanyweshwe mahali pamoja palipochaguliwa, mchanga usichimbwe ukingoni, matete na miti viachwe. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zaagiza ukanda wa mita 100 uhifadhiwe kandokando ya mito mikubwa iliyoorodheshwa, na mita 30 kwa mito mingine.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukingo ukishachukuliwa na mto, hakuna awezaye kuujenga tena.