Kutathmini Hedifoni kwa Kazi ya Unukuzi: Mfano wa Kalemng'orok

Mwanafunzi wa Kiswahili anayekwenda nyanjani kukusanya fasihi simulizi au data ya lahaja huulizwa na msimamizi wake kuhusu sampuli, hojaji na kinasa sauti. Ni nadra aulizwe atasikiliza kwa kifaa gani yale aliyoyarekodi. Makala haya yanazungumzia hedifoni zilizofungwa, yaani zile ambazo vikombe vyake hufunika sikio lote na havina matundu upande wa nje, na yanaeleza namna ya kupima ubora wa sauti yake baada ya siku za kwanza za matumizi. Mfano wetu unatoka Kalemng'orok, kituo kilicho kando ya barabara kuu itokayo Kitale kuelekea Lodwar na Kakuma.

Mahali kama hapo hedifoni zilizofungwa ni za lazima. Malori hupita, upepo huvuma, mbuzi hulia hatua chache kutoka kwa msimulizi. Vikombe vilivyofungwa huzuia sehemu ya kelele hizo, na pia huzuia sauti isivuje ikanaswa tena na maikrofoni. Lakini kinga hiyo si kamili. Kelele za masafa ya juu hupungua sana, ilhali ngurumo ya lori, ambayo ni ya masafa ya chini, hupenya kwa wepesi zaidi.

Kosa letu la kawaida ni kutoa hukumu siku ya kwanza, tena kwa kusikiliza muziki. Nami nilikosea hivyo hivyo. Nilivaa hedifoni mpya, nikasikia besi nzito, nikaridhika, kisha nikaanza kunukuu masimulizi ya mzee mmoja. Nilipomsomea kurasa za kwanza alitabasamu, akasema, "Mjukuu wangu, maneno haya umeyakata mikia."

Alikuwa na haki. Kiturkana kina irabu zisizo ghuna, ambazo hutokea mwishoni mwa maneno na kusikika kama mnong'ono tu. Gerrit Dimmendaal alizieleza katika sarufi yake ya lugha hiyo iliyochapishwa mwaka wa 1983. Mnong'ono hauna nguvu nyingi. Hedifoni inayokuza besi humfanya msikilizaji apunguze sauti yote ili asikerwe, na hapo mnong'ono hufifia kabisa. Kilichoufurahisha moyo wangu katika muziki ndicho kilichoiharibu data.

Kiswahili nacho kina mitihani yake. Katika lahaja za pwani, paa wa porini hutamkwa kwa mpumuo, ilhali paa la nyumba halina mpumuo; vivyo hivyo kaa wa baharini na kaa la moto. Tena kuna thamani na samani. Tofauti ya vikwamizo hivi hutegemea sana masafa ya juu, na ndiyo maana katika simu za kawaida za zamani, zilizopitisha takriban hezi 300 hadi 3,400 pekee, s na f zilichanganywa kwa urahisi. Mtafiti na arekodi jozi kama hizo kwa sauti ya mzawa wa lahaja husika, azisikilize siku ya kwanza na tena baada ya wiki mbili, kwa kiwango kilekile cha sauti. Kiwango kikibadilika ulinganisho hauna maana, kwa kuwa sikio huipendelea sauti iliyo kubwa kidogo na kuiita bora.

Wapo wasemao kwamba hedifoni mpya "hukomaa" kwa kuchezeshwa saa nyingi. Mara nyingi kinachobadilika ni mito ya vikombe, ambayo hulainika na kushika kichwa vizuri, pamoja na sikio lenyewe, ambalo huzoea. Mshiko huo ni jambo kubwa. Miwani, kilemba, nywele zilizosukwa au hereni huacha mwanya, na besi hutoroka kupitia hapo. Bonyeza vikombe taratibu kwa viganja: besi ikiongezeka ghafla, ujue palikuwa na mwanya. Jaribio hili lifanywe pia msimulizi anapopewa hedifoni ajisikilize.

Jingine ni joto. Masikio yaliyofunikwa hutoka jasho, mtu huchoka, na mchovu huongeza sauti bila kujua. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Mnukuzi anayesikiliza sentensi moja mara ishirini huzifikia saa hizo upesi.

Niliazima hedifoni nyingine zisizo na besi nyingi, nikaanza upya ukurasa wa kwanza. Irabu nyingi za mwisho zilijitokeza. Chache hazikusikika hata kidogo, kwa sababu upepo ulikuwa umeipiga maikrofoni wakati huohuo. Hizo nilizitia alama ya kuulizia, nikarudi nazo kwa mzee, naye akayatamka maneno hayo tena.