Gari Linalokataa Kuwaka Dereva Akiwa Amelewa

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hukatiza Kata ya Lembeni, na wakazi wake huivuka kila siku katikati ya mabasi na malori yasiyolala. Tarehe 28 Juni 2025, eneo la Sabasaba katika wilaya jirani ya Same, basi kubwa na basi dogo yaligongana na kuwaka moto. Watu zaidi ya 35 walipoteza maisha. Taarifa za awali zilitaja kupasuka kwa tairi, si pombe. Tairi hupasuka bila taarifa. Ulevi wa dereva ni jambo jingine, kwani unaweza kupimwa kabla gurudumu halijazunguka, na kwa miaka mingi sasa wahandisi wamekuwa wakitafuta namna ya kulifanya gari lenyewe lipime.

Kifaa kilichokwisha kuzoeleka katika nchi kadhaa huunganishwa kati ya swichi ya gari na stata. Dereva hupuliza pumzi ndani ya mrija, na pumzi hiyo hufika kwenye kisahani chenye madini ya platinamu. Kilevi kikikigusa hutokea mkondo mdogo wa umeme. Kadiri kilevi kinavyozidi, ndivyo mkondo unavyokuwa mkubwa. Ukivuka kiwango kilichowekwa, stata haipati umeme na gari haliwaki. Kifaa hakibagui bia ya chupa, mbege wala dengelua, maana kilevi kilichomo ni kile kile.

Swali la kwanza la watu wengi ni je, dereva akimwomba mtu mwingine ampulizie? Watengenezaji walilifikiria. Gari likiwa safarini, kifaa humtaka dereva apulize tena kwa vipindi asivyoweza kuvibashiri. Akikataa au akishindwa, injini haizimwi ghafla, kwa kuwa gari kuzimika katikati ya mteremko ni hatari nyingine. Badala yake honi hulia, taa humweka, na tukio huhifadhiwa katika kumbukumbu za kifaa. Uchunguzi uliofanywa katika nchi zinazowafungia kifaa hiki madereva waliokwisha kutiwa hatiani unaonyesha kwamba makosa ya kurudia hupungua kwa takriban theluthi mbili. Kifaa kikiondolewa, wengi hurejea walikotoka.

Ufaransa imeyataka mabasi ya abiria kuwa na kifaa hicho tangu mwaka 2015. Katika Umoja wa Ulaya, kila gari jipya tangu Julai 2024 sharti liwe limeandaliwa ili kifaa kiweze kuunganishwa kwa urahisi. Marekani, ambako ajali zinazohusiana na pombe huua zaidi ya watu 10,000 kila mwaka, ilianza mwaka 2008 mradi wa kutengeneza mfumo usiohitaji mrija. Njia mojawapo huvuta hewa ya kawaida iliyo mbele ya dereva na kuimulika kwa mwanga usioonekana kwa macho. Njia ya pili humulika ngozi ya kidole kinachobonyeza kitufe cha kuwashia gari. Sheria ya mwaka 2021 iliagiza kanuni ya kuweka teknolojia ya aina hiyo katika magari mapya itolewe ifikapo Novemba 2024. Muda huo ulipita bila kanuni. Ugumu uliopo ni wa kweli: mfumo unaokosea hata mara chache kati ya mamilioni ya safari utawaacha njiani watu wasioonja pombe, akiwamo anayempeleka mgonjwa hospitali.

Hapa nchini, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka ukomo wa miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Hesabu hii inawahusu hasa madereva wa alfajiri. Ini huondoa kilevi kwa mwendo wake lenyewe, kwa wastani wa miligramu 15 hivi kwa saa. Aliyelala saa sita usiku akiwa na miligramu 180 ataamka saa kumi na mbili asubuhi akiwa bado na 90, yaani juu ya ukomo, ingawa mwenyewe hujiona mzima. Supu, kahawa au maji ya baridi kichwani huondoa usingizi. Kilevi hubaki pale pale.

Mabasi ya mikoani yanayopita Lembeni yamefungwa mfumo wa kufuatilia mwenendo wake, unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Mfumo huo huonyesha mwendo kasi na mahali basi lilipo, na kitufe cha utambuzi humtambulisha dereva aliyeko kwenye usukani. Haupimi pumzi. Kazi hiyo ingali ya askari wa usalama barabarani mwenye kipima ulevi mkononi. Magari madogo mengi huingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika, hivyo teknolojia ya leo ya Ulaya huenda ikachukua miaka mingi kufika. Pikipiki ni suala gumu zaidi: bodaboda inayopandisha abiria kuelekea Kilomeni usiku haina kifaa chochote cha namna hii, na abiria hana mkanda wala bodi ya gari ya kumkinga. Sheria ya ulevi humgusa mwendesha bodaboda sawasawa na dereva wa lori.

Halmashauri hutoa leseni za vileo, na saa za kuuza zilizoandikwa katika leseni ni sharti. Mwananchi anayeona baa ikiuza nje ya saa hizo anaweza kumwarifu Mtendaji wa Kata. Abiria anayenusa pombe kwa dereva anayo haki ya kutopanda au kuomba ashushwe mahali salama. Akiwa ndani ya basi, apige simu polisi kwa namba 112 au namba ya LATRA iliyobandikwa ndani ya gari, na ataje namba ya usajili, mahali basi lilipo na linakoelekea, ili askari walio mbele walisimamishe na kumpima dereva.