Mkaa wa Buguruni na Daftari la Misitu

Na Mwandishi Wetu

Sokoni Buguruni mkaa huuzwa kwa vipimo vingi: gunia, debe, sado, hata kopo kwa mwenye fedha ya siku moja tu. Mama anunuaye kopo hujua mara moja kama kipimo kimejaa au amepunjwa. Lakini ukimwuliza yeye, au muuzaji wake, mkaa huo umetokana na miti mingapi, hatakuwa na jibu. Wala si wao peke yao. Swali hilo limewatatiza hata watunza hesabu wa misitu ya taifa zima.

Ndugu msomaji, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mti ukuapo hufyonza hewa ya ukaa na kuhifadhi kaboni katika shina, matawi na mizizi. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Ukikatwa na kuchomwa, kaboni hiyo hurudi angani na kuongeza joto la dunia. Ndiyo maana mwaka 2007, katika mkutano wa Bali, Indonesia, mataifa yalikubaliana kutafuta njia ya kuzituza nchi zinazoendelea zitakazopunguza ukataji wa misitu. Lakini sharti lake ni hesabu inayoweza kuhakikiwa. Asiye na hesabu hana la kudai.

Kupima Msitu

Tanzania haikukaa bure. Kuanzia mwaka 2009, kwa msaada wa Finland na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, vikundi vya wapimaji viliingia maporini kote Tanzania Bara. Walizungushia mashina utepe kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Kutokana na unene huo hukadiriwa uzito wa mti, na kutokana na uzito hukadiriwa kaboni. Ikabainika kuwa Tanzania Bara ilikuwa na hekta milioni 48.1 za misitu, zaidi ya nusu ya eneo lake la nchi kavu.

Baadaye, kwa msaada wa Norwei, kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiliwekwa katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Nchi ikapeleka Umoja wa Mataifa hesabu yake ya kulinganishia, ya miaka ya 2002 hadi 2013.

Gunia Lisilohesabiwa

Hapo ndipo gunia la Buguruni linapoleta taabu. Hesabu ile ilihusu misitu iliyofyekwa ikaisha. Haikuingiza misitu iliyopunguzwa mti mmoja mmoja. Picha za setilaiti huonyesha vyema msitu uliogeuka shamba. Lakini mchoma mkaa mara nyingi huchagua mti huu na kuuacha ule, na ukitazamwa kutoka juu msitu bado ni wa kijani. Hapana budi mtu arudi palepale baada ya miaka, apime tena. Safari hizo ni ghali, na msaada wa wageni una mwisho.

Nalo pengo hilo si dogo. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa nchi ilitumia tani zipatazo milioni moja za mkaa kwa mwaka, na nusu yake iliishia Dar es Salaam.

Utepe Mikononi mwa Wanakijiji

Dawa haiko mbali. Huko Kitulangalo, mkoani Morogoro, wataalamu wa Chuo cha Sokoine waliwafundisha wanakijiji kupima msitu. Vipimo vyao vilikaribiana na vya wataalamu, tena kwa gharama ndogo. Wao huishi papo hapo, na huujua mti uliotoweka juzi.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni jambo jema. Lakini tutajuaje idadi ya miti iliyopona, ikiwa daftari halikuandika iliyokatwa? Vijiji vipewe utepe, mafunzo na posho kutoka mfuko wetu wenyewe, na magunia yaingiayo jijini yaandikwe.

Mama wa Buguruni huhesabu makopo yake ya wiki kwa sababu akikosea, jiko litazimika kabla ya mwisho wa juma. Taifa nalo lina jiko lake, na kuni zake ni misitu hiyo.