Kitovu chenye Harufu ya Maembe

Msimu wa maembe unapopamba moto Embu, mkulima hapangi bei. Matunda huiva kwa pamoja, na broka anajua fika kwamba hayangoji wiki. Anataja bei yake huku injini ya lori inanguruma. Ukikataa, keshokutwa una rundo linalooza chini ya mti.

Karurumo, upande wa Runyenjes, wakulima waliojiunga kikundi waliletewa njia ya kumngojesha broka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakiongozwa na Profesa Jane Ambuko, waliweka hapo vyumba vya baridi vya gharama nafuu. Kimoja kina kuta za wavu zilizojazwa makaa yanayoloweshwa maji. Maji yakigeuka mvuke huondoka na joto, kama mtungi uliowekwa kivulini. Kingine kinatumia kiyoyozi cha kawaida, kile ambacho hugoma kushuka chini ya nyuzi 16 hivi. Kifaa kidogo kutoka Marekani, CoolBot, hupasha joto kihisi cha kiyoyozi hicho, nacho kikadhani chumba bado kina joto, kikazidi kupuliza baridi. Ulaghai wa kistaarabu! Ila nao una mpaka: embe likikaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10, ganda huingia madoa na tunda haliivi sawasawa.

Je, mahali kama hapo Karurumo ni kitovu cha ubunifu? Wengi wangesema sivyo. Kwa Mkenya, jina hilo hukumbusha iHub, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 2010: meza za pamoja, intaneti ya kasi, vijana na kompyuta zao. Mwaka huohuo Jamila Abass na wenzake walianzisha M-Farm, huduma ya kumpelekea mkulima bei za soko kwa ujumbe mfupi wa simu. Wazo zuri. Lakini mkulima wa Karurumo aliyejua bei ya Nairobi bila kuwa na pa kuhifadhi embe lake alimuuzia broka yuleyule, tena kwa uchungu zaidi.

Sasa serikali inapanga kituo cha kidijitali katika kila wadi, vituo 1,450 nchini. Kaunti ya Meru ina wadi 45 na ya Embu 20. Kijana anayetafuta vibarua vya mtandaoni atanufaika, hilo halina ubishi. Anayetaka kukausha maembe ya Mbeere, Embu, au kubangua makadamia ya Imenti, Meru, ana shida nyingine kabisa: mashine asiyoweza kuinunua kabla ya kujua kama biashara italipa, alama ya ubora ya shirika la viwango, KEBS, na mnunuzi wa kwanza. Makadamia yenye ganda yalipigwa marufuku kusafirishwa nje tangu 2009 kusudi kazi ya kubangua ibaki nyumbani, ingawa serikali imewahi kulegeza kamba. Kazi hiyo inahitaji mtambo wa kukodi kwa siku. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichoko Nchiru karibu kabisa na mashamba, ni mahali panapofaa kuuweka.

Basi mkazi atakayeitwa kwenye kikao cha kushirikisha umma kuhusu kituo cha wadi yake na aombe chumba cha baridi na kikaushio viingizwe kwenye bajeti kabla ya kompyuta ya kumi.