Usifute hesabu yako upesi!

Je, mwanafunzi, hufanya nini hesabu yako inapokataa kuoana na jibu la kitabu? Wengi hufuta, wakanakili la jirani. Kabla hujafuta tena, soma kisa cha Mmarekani Russell Hulse.

Mwaka 1974 Hulse alikuwa kijana wa miaka 23, akisomea shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts. Mwalimu wake, Profesa Joseph Taylor, alimtuma Arecibo, kisiwani Puerto Rico, kwenye darubini ya redio yenye upana wa mita 305. Kazi yake ilikuwa kutafuta pulsa, yaani mabaki ya nyota zilizolipuka, ambayo huzunguka kwa kasi na kutoa mipigo ya redio kwa utaratibu kama wa saa ya ukutani.

Alipata pulsa mpya 40. Lakini moja, iliyonaswa Julai, ilimtatiza. Ilipiga mara 17 kwa sekunde, ila kila alipoipima kipimo kilibadilika. Kwanza alidhani kosa ni la mitambo. Angaliweza kuiacha, kwani alikuwa na nyingine tele. Hakuiacha. Aliandika programu mpya, akapima siku baada ya siku, hadi Septemba ukweli ukajitokeza.

Umewahi kusikia king'ora cha ambulensi kikikaribia, kisha kikienda zake? Sauti hupanda, halafu hushuka. Pulsa hiyo nayo ilikuwa ikizunguka nyota mwenzake kila saa 7 na dakika 45, mara ikitujia, mara ikituacha.

Taylor na wenzake waliendelea kuipima. Mwaka 1978 walitangaza kwamba nyota hizo zinazidi kukaribiana, sawasawa na hesabu za Einstein: nguvu zao zinapotea kupitia mawimbi ya mvutano. Muda wa mzunguko hupungua kwa sehemu 76 tu za milioni ya sekunde kwa mwaka, lakini haba na haba hujaza kibaba. Mawimbi yenyewe yalinaswa na mitambo ya LIGO, Marekani, mwaka 2015.

Nanyi wazazi, sikieni hili. Hulse aliiacha elimu ya nyota mwaka 1977 kwa kukosa matumaini ya kazi ya kudumu, akaingia utafiti mwingine wa fizikia. Hata hivyo, mwaka 1993 yeye na Taylor walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi ile ya uanafunzi.

Basi, hesabu ikikataa leo, irudie mara ya pili na ya tatu. Ikizidi kukataa, mpelekee mwalimu. Huenda haina kosa.